Mgonjwa Aliyetajwa kwa Ngote

Ilianza na harufu, tena mchana kweupe. Kavuo alifunua sufuria ya maharagi, akainama kuonja chumvi, akasikia ngote. Haikuwa moshi, haikuwa maharagi yaliyoungua. Ilikuwa harufu ya ganda la ngote lililochunwa sasa hivi, ule uchungu wake unaopanda puani na kubaki nyuma ya ulimi. Akamwaga maharagi, akasugua sufuria kwa majivu, akapika mengine. Hayo mengine yakanuka vilevile, na mume wake Lévi akala yote bila kuinua macho.

Mwanaume anayekula chakula kibovu bila kulalamika ana jambo. Kavuo alilijua hilo vizuri, maana huyu Lévi wake alikuwa mtu wa kununa siku nzima kwa sababu ya mboga ya lengalenga iliyozidi chumvi kidogo.

"Hausikie harufu?" akamuuliza.

"Harufu gani?"

"Ya ngote."

"Ngote iko inje, inasimama mu parcelle yetu. Unataka inuke nini, vitunguu?"

Akachukua jembe akatoka. Lakini alizunguka nyumba kwa upande wa jikoni, ule upande mrefu wenye matope, ili asipite chini ya mti. Kavuo alisimama mlangoni akamtazama mpaka akapotea.

Sasa nieleze huo mti, maana ninyi wa Butembo mjini mkiona mti mnaona makaa tu. Kule juu, upande wa Masereka, ambako ukungu hushuka mchana ukakufichia hata mbuzi uliyemshika kamba, ngote si ya mwenye nyumba. Kiwanja ni chako, nyumba ni yako, vitunguu ni vyako, lakini ngote ikisimama katikati ya kiwanja, wewe ni mlinzi wake, basi. Bureau ya mazingira ilikuwa na karatasi ya kukataza kuikata. Ilikuwa miaka ya vita, na muhuri wa karatasi ile ulibadilika kila mara wakubwa wa uasi huko Beni walipogombana. Sheria ya kijiji ndiyo haikubadilika. Ganda la ngote ni dawa ya tumbo, na ya wazee wanaoshindwa kukojoa. Huchuni kama mzee Phinées, mlinzi wa miti, hajasimama pale anaona. Unachuna upande mmoja tu, huzungushi, kwani ngote iliyochunwa mzunguko hukauka, na mwenye nyumba aliyekausha ngote hufukuzwa kwenye kiwanja hicho yeye na watoto wake. Ukimaliza unapaka kidonda matope na mavi ya ng'ombe. Na kabla kisu hakijagusa, unaweka kiganja kwenye shina, unataja kwa sauti jina la mgonjwa atakayeinywa. Hilo la jina, wenye nyumba hawakujua sababu yake. Watu walitaja tu, jinsi walivyoona baba zao wakitaja.

Basi Lévi alikuwa amechuna, peke yake, siku ambayo Phinées alikwenda kwenye kilio kijiji cha pili.

Msimhukumu haraka. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, vitunguu vyake vimeozea shambani, kisha wanajeshi wakapita wakipiga kelele kwa Kilingala "Pesa ntaba!", yaani toa mbuzi, na kuondoka na mbuzi wote wa kijiji. Ndipo Kasonia akamtokea, yule mnunuzi wa maganda kutoka Butembo, anayecheka hata mtu akimweleza msiba. Akamwambia magunia yanavuka mpaka wa Kasindi kwenda kwa Wazungu, na huko wazee wao wanakojoa vizuri kwa sababu ya ngote yetu. Lévi akakubali. Lakini alipofika kwenye shina na kisu chake, mkono ukakataa. Alikuwa mtu wa pale, hakuweza kuchuna kimya. Na angemtaja nani? Mama yake? Mke? Mtoto? Akatafuta jina lisilo na mtu, akalipata: Zorobabel, kaka yake mkubwa.

Zorobabel alikwenda Manguredjipa kuchimba dhahabu kabla vita havijafika huko. Waliotoka upande ule walisema shimo lilibomoka, wengine walisema watu wa bunduki walipita katika kambi yao. Kijiji kizima kilimhesabu amekufa. Mama yao tu, Mama Abigaïl, ndiye aliyekataa kilio kufanywa, kwa sababu hajaona maiti. Lévi akawaza kwamba dawa ya mtu asiyeweza kuinywa haimpunguzii mtu yeyote kitu. Akaweka kiganja.

"Ni ya yaya yangu mukubwa, Zorobabel," akasema. "Iko mugonjwa."

Akachuna upande mmoja, kisha wa pili, akafunika vidonda kwa majani ya migomba, na Kasonia akaondoka na magunia.

Mchana mmoja ukungu ulishuka mapema. Mama Abigaïl alikuwa karibu na moto anamenya viazi, na Kavuo anafunga leso ya mtoto. Nje mtu akakohoa.

"Njo Zoro ule, ni yeye," Mama Abigaïl akasema, kisu kikasimama.

"Mama, ni upepo."

"Upepo haikohoake."

Mtu akatokea katika ukungu, na Kavuo, ambaye macho yake hayakosi kitu, aliona kwamba hakutoka upande wa njia, penye mlango wa uzio, ila upande wa mti, ambako hakuna njia yoyote, ni uzio na mteremko tu. Alijifunika blanketi mpaka shingoni. Amekonda, lakini uso ulikuwa wa Zorobabel, ile pua, yale masikio yaliyosimama.

"Shemeki, unanisahau?" akamwambia Kavuo.

Mama Abigaïl alipiga kelele ya furaha iliyotoa majirani jikoni mwao. Akamkumbatia, akamsukuma kwenye benchi, akamlilia mikononi. Lévi aliporudi kutoka shamba na kumkuta kaka yake amekaa karibu na moto, jembe lilimponyoka. Kavuo alimtazama mume wake badala ya kumtazama mgeni. Hakuona furaha. Aliona uso wa mtu aliyekamatwa.

"Dogo yangu," mgeni akasema polepole, "dawa yangu iko wapi?"

Na Lévi akachukua kisu akatoka nje.

Tangu hapo nyumba ile haikuwa na raha, ijapokuwa Mama Abigaïl aliimba nyimbo za kanisa asubuhi mpaka jioni. Zorobabel hakula viazi, hakula maharagi. Alikunywa maji ya ngote tu, kikombe kwa kikombe, na baada ya kila kikombe alisema, "Bado sijapona." Hakutoa blanketi, hata alipokaa karibu kabisa na moto. Hakumpa mtu mgongo. Na Mama Abigaïl, aliyekaa naye benchi moja bega kwa bega, akaanza kukohoa kikohozi kilekile, kwa wakati uleule, hata ukiwa nje usingejua anakohoa nani.

Kavuo alianza kumchunguza. Alitabasamu akiuliza.

"Shemeki, unakumbuka mbuzi yetu ya pembe moja?"

"Ministre? Alikuwa anakula nguo kwa kamba."

"Na siku nilioleka?"

"Mvua ilinyesha. Ulilia pale inje, kiatu yako ilibakia mu matope."

Ni kweli, alilia, kiatu kikabaki. Kavuo akataka kujicheka. Lakini siku nyingine akamuuliza juu ya shule yao na Lévi, mwalimu wao nani, na mgeni akakohoa. Akamuuliza juu ya mto walikooga wakiwa watoto, akakohoa. Akamuuliza Manguredjipa kukoje, wanakula nini, wanalala wapi, na akakohoa mpaka Mama Abigaïl akamkemea mkamwana wake amwache mgonjwa apumzike.

Kavuo alitoka nje na ndoo, ingawa maji yalikuwapo. Alisimama katikati ya kiwanja. Mbuzi Ministre alikuwa akifungwa hapa. Kiatu kilibaki hapa. Ugomvi wa jembe kati ya ndugu wawili, ambao mgeni aliusimulia vizuri neno kwa neno, ulitokea hapa. Kila kitu anachokijua kilitokea hapa, na kila kitu kilichotokea mbali kidogo, pale ambapo mtu akisema sauti haifiki, hakijui. Akainua macho polepole. Ngote ilikuwa juu yake, imefungwa majani ya migomba tumboni. Akaweka ndoo chini, akaenda mpaka kwenye shina, akafunua majani, akaona kwamba mti umechunwa karibu mzunguko wote, umebaki ukanda mmoja mwembamba wa ganda, na kila mahali pengine mti ni mwekundu na mbichi, unatoka maji.

Alirudi ndani bila kupiga hodi. Mama Abigaïl alikuwa amesinzia. Mgeni alikuwa ameinama kuchukua kikombe, na blanketi ilikuwa imeteleza, na Kavuo akauona mgongo. Haukuwa na ngozi. Haukuwa na damu pia, ulikuwa laini, mwekundu, unatoka maji, umechunwa kwa vipande virefu vilivyonyooka kama Lévi anavyochuna, toka mabegani mpaka kiunoni, na katikati, juu ya uti wa mgongo, ukanda mmoja mwembamba wa ngozi ulikuwa umebaki.

"Umeona?" mgeni akauliza bila kugeuka. "Usiambie Mama. Anafurahi."

Kavuo alikwenda kwa Phinées mbio, miguu mitupu.

Mzee Phinées alikuwa mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Alikuja, akauzunguka mti, akanusa vidole vyake, akamwita Lévi nyuma ya jikoni, na Kavuo akafuata.

"Nani alitajwa?"

Lévi akaanza kueleza habari za vitunguu vilivyooza.

"Nakuuliza, mutoto wa Abigaïl. Kuna mulimu mu muti, ni pepo ya tangu zamani, hana jina, analala. Mugonjwa akitajwa, anakunywa, anapona, inaisha. Weye ulimupatia jina gani?"

"Ya yaya Zoro."

"Ya mutu mwenye hayuko hapa ku kunywa!" Phinées akashika kichwa. "Donc sasa anakuya kunywa yeye mwenyewe. Atakunywa mupaka muti iishe. Muti ikiisha, atamunywa mama yako. Hausikie namna anakohoa?"

"Tufanye nini, mzee?" Kavuo akanong'ona.

"Kumunyanganya jina. Muzike Zorobabel. Mukate muti ya ndizi mu nafasi ya maiti, mumuzike, mulie, munyoe vichwa. Mufu hana ugonjwa, hana dawa."

Mama Abigaïl alipoambiwa alisimama kama mwenye kupigwa. Akakataa. Akasema hatazika mtoto aliyekaa kwenye benchi yake. Akamwita Phinées mpagani, akamwita Kavuo mchawi, akamwambia Lévi kwamba tangu utotoni alimwonea kaka yake wivu. Walimwacha aseme. Alipochoka, Kavuo akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mumuulize kitu ya mbali. Kitu yenye haikufanyika hapa. Akiijua, mimi nitarudia kwetu, mutabakia naye."

Mama Abigaïl akafikiri. Akakaa karibu na yule mtu, akamshika mkono.

"Zoro yangu. Siku ulienda, nilikusindikiza mupaka ku barabara kubwa. Tulikuwa siye wawili tu. Nilikufungia nini mu mukono?"

Mgeni akamtazama. Akafungua mdomo. Akakohoa. Mama Abigaïl akangoja, akangoja tena, mkono wake unapapasa ule mkono juu chini, juu chini.

"Sema, mwanangu. Nilikufungia nini?"

"Nimesahau, Mama. Niko mugonjwa."

Hapo mama yule alilia, kilio ambacho sitaki kukisikia tena.

"Maharagi!" akapiga kelele. "Maharagi ya mbegu, mu kipande ya nguo yangu ya kikwembe! Nilikuambia, kama hautarudi, upande, ukule! Zoro hawezi kusahau ile! Hawezi!" Akautupa ule mkono. "Mumuzike. Mumuzike mwanangu."

Dirisha lilikuwa wazi, na matawi ya ngote yalikuwa pale pale nje. Hakuna aliyeliangalia.

Wakazika mgomba siku hiyohiyo, umefungwa shuka, mama akilia jina. Walipotupa udongo wa kwanza mgeni alitoka nyumbani, akapita katikati ya waombolezaji bila kumgusa mtu, akaingia ukungu upande wa mti. Blanketi ikapatikana juu ya mizizi, imelowa, inanuka. Kikohozi cha Mama Abigaïl kikakoma. Phinées akapaka vidonda vya ngote matope na mavi ya ng'ombe, akasema ukanda uliobaki utaiokoa, na Lévi hatafukuzwa kama ataulinda. Kisha akawakusanya mlangoni.

"Wenye nyumba, sheria moja inaongezeka. Mutu akifika hapa na ile jina, musimufungulie. Musimujibu. Hata alie. Mukimuita kwa jina mara moja tu, anaipata tena."

Wakaapa wote, na mama pia.

Kavuo akapika maharagi, yakanuka maharagi. Msimu wa mvua ukaingia. Jioni moja, wakati wa kuwasha taa, mvua ikipiga mabati, mtu akakohoa nje ya mlango. Kisha akabisha.

"Mama. Njo miye, Zoro. Munifungulie, mvua inanipiga."

Lévi akaweka mgongo wake kwenye mlango. Mtoto akafichwa nyuma ya pazia la kikwembe. Kavuo akavuta hewa kwenye ufa wa mbao, akatafuta ile harufu, akavuta tena. Alisikia nguo mbichi, tumbaku na matope.

"Lévi," akanong'ona. "Hainuke ngote."

"Nyamaza. Tuliapa."

"Nakuambia hainuke!"

"Mama?" sauti ikasema. "Yale maharagi ulinifungiaka ku barabara, niko nayo. Sikuyapandaka."

Mama Abigaïl alikuwa tayari amesimama, mkono umenyooka kuelekea mlangoni, mdomo umefunguka kwa jina lile, na Lévi akamziba mdomo kwa kiganja, analia yeye mwenyewe, anamnong'oneza sikioni kwa haraka, "Mama, ulilisema humu mu nyumba, dirisha ilikuwa wazi, muti ilisikia, njo maana anajua, Mama, njo maana anajua!" na ubaya ni kwamba alisema kweli, kila alichosema kilikuwa kweli, na mama akalegea, na mkono wake ukashuka.

Nje mvua ikaendelea kupiga mabati.

"Naona moto," sauti ikasema. "Muko humo ndani. Muko bazima." Kisha, "Nilibakosea nini?"

Lévi hakutoa kiganja kwenye mdomo wa mama. Wakasikia mtu akigusagusa komeo, kisha hatua, kisha hakuna.

Asubuhi Kavuo ndiye aliyefungua. Nyayo za mabuti ya kuchimbia zilitoka kwenye njia, zikaja mpaka mlangoni, zikasimama muda mrefu hata zikachimba matope, zikarudi kwenye njia. Upande wa mti hapakuwa na unyayo hata mmoja. Kwenye komeo kulikuwa kumefungwa kipande cha kikwembe kilichofifia. Ndani yake kulikuwa na kifundo kingine, kidogo, kigumu, ambacho hakijafunguliwa tangu kilipofungwa. Mama Abigaïl anatumia mkono wa kushoto, na hakuna mtu kijijini anayefunga kifundo namna yake. Akakitikisa sikioni. Maharagi yakalia.

Lévi alikimbia mpaka barabara kubwa. Huko aliambiwa kwamba wanajeshi walipita alfajiri, wakakamata wanaume wote waliowakuta njiani wawabebee mizigo. Walikwenda wapi, hakuna aliyejua. Alirudi jioni peke yake.

Tangu siku hiyo Mama Abigaïl hakukubali mlango ufungwe. Mvua iingie, mbwa waingie, baridi iingie. Phinées alikuja kumkumbusha kiapo.

"Sheria yako niliifuata mara moja," akamjibu. "Kwenda."

Akakaa kwenye benchi na kile kifundo kiganjani, siku kwa siku, akiangalia njia. Mpaka mchana mmoja ukungu ukashuka mapema, na Kavuo akafunua sufuria ya maharagi, akainama kuonja chumvi, na ule uchungu ukampanda puani. Nje mtu akakohoa, upande wa mti.

"Mama," Kavuo akasema, akikamata mlango. "Mama, tafazali, tufunge. Si yeye. Munajua si yeye."

Mama Abigaïl hakugeuka. Alikuwa anatazama ukungu, na uso wake ulikuwa na upole ambao hawakuuona tangu kilio.

"Najua," akasema. Kisha akaita kwa nguvu, ili asikike mpaka kwenye mti. "Zorobabel! Ingia, mwanangu. Mulango iko wazi."

Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.